Ukuta Uliosukwa Kama Kiondo

Ilianza Alhamisi, saa tisa na dakika ishirini alasiri, honi ya lori la baba ilipolia barabarani. Saa naikumbuka kwa sababu tangu mchana nilikuwa naenda dukani kuchungulia ile saa ya ukutani, narudi, naenda tena, hadi mwenye duka akaniuliza kama nimeiposa.

Baba ni dereva. Hupeleka mizigo Mombasa, akapakia mingine ya Nairobi, na sisi wa Kambu tuko katikati ya safari yake. Akisimama hazimi injini. Karibu mambo yote ya nyumbani kwetu yameamuliwa injini ikinguruma, sisi tumesimama kwenye vumbi, yeye mkono mmoja uko nje ya dirisha.

Siku hiyo aliteremka, na hilo peke yake lilinitia wasiwasi. Akashusha mafungu ya karatasi yaliyoviringwa kama mikeka, yamefungwa kwa kamba ya katani. Akasema ni wolpepa, karatasi ya kupamba ukuta, na kwamba kuna hoteli kule Pwani ilikuwa inapambwa upya na haya ndiyo yaliyobaki. Akafungua moja juu ya boneti nione.

Sijawahi kuona kitu kama kile nje ya magazeti ya zamani ya mwalimu wetu wa sayansi ya nyumbani. Zilikuwa nusu-duara, moja ndani ya nyingine: ya nje rangi ya udongo, ya kati rangi ya chungwa, ya ndani rangi ya maziwa. Zilisimama safu kwa safu kama milango midogo. Ilikuwa kama mtu amechukua daftari langu la jometri la Fomu Tuu akalitia rangi.

"Inabandikwa kutoka juu kwenda chini," baba akasema, "kama pazia. Mnapika uji wa unga wa ngano, mnapaka mgongoni, mnabandika. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mwambie mama yako. Na umwambie nikirudi Jumamosi nikute mmehamia. Nisipowakuta ndani, ufunguo nampa yule mzee wa ng'ombe. Ameniomba nyumba mara mbili, na mimi nilijengea watu, sikujengea popo."

Akapanda. Lori likaondoka. Mimi nikabaki na mafungu yangu kando ya barabara, kila apitaye ananitazama, na mimi nikitazamwa husahau hata kutembea.

Mzee wa ng'ombe tunamjua. Ni Mwislamu kutoka kaskazini-mashariki, hununua mifugo na kuipumzisha hapa kabla ya kuipeleka Mombasa. Ni mtu wa adabu, lakini alitaka kuleta mke na watoto, na nyumba ya mawe iliyo tupu Kambu nzima ilikuwa moja tu, yetu.

Ilikuwa tupu kwa sababu ya mama.

Nyumba ile ilikuwa imekwisha muda mrefu. Ina mabati, ina madirisha ya vioo, sakafu ya simiti. Tena ipo hatua chache tu nyuma ya nyumba yetu ya udongo. Lakini mama aliingia siku moja, akaweka kiganja ukutani, akakiondoa. "Huu ukuta haujui mtu," akasema, akatoka, akaenda kupepeta mahindi. Nyumba ya udongo ameikandika mwenyewe, kila mwaka baada ya mvua, mkono wake umo kila mahali. Ukitazama vizuri unaona vidole. Baba alipomuuliza lini atahama, alisema anangoja kuku watage. Walipotaga, akasema anangoja waatamie.

Mimi nami nilikuwa nangoja. Nasema ukweli, sikuwa nataka nyumba ya mawe kwa sababu ya mawe. Siku fundi alipokuwa anapima msingi, baba alinyoosha kidole kwenye kipande cha ardhi upande wa machweo akasema, "Na hapo chumba cha msichana." Msichana kwetu ni mimi peke yangu, wengine ni wavulana wawili wadogo. Chumba kile sasa kilikuwa kimesimama, kidogo, na kina mlango.

Sijui nitamwelezaje mtu aliyezaliwa kwenye milango. Shuleni tunalala wasichana bweni zima. Nyumbani nalala nyuma ya pazia la gunia, na ndugu zangu hawana adabu ya pazia. Navaa nguo nimejifunika leso hadi kichwani kama maiti. Daftari langu la kuandikia mambo ya kila siku nalifungua nimekaa ghalani juu ya magunia, mlango wa ghala ukiwa wazi kwa sababu ukifungwa ni giza. Likizo iliyopita mdogo wangu alilinasa, akasimama wakati wa chakula akasoma kwa sauti niliyoandika juu ya kijana fulani wa kwaya. Hata mama alicheka. Tangu hapo nimeandika nikiwa nimesimama, kama mtu anayengoja kukimbia.

Basi kama ufunguo ungeenda kwa mzee wa ng'ombe, chumba kile kingeenda nao. Hilo ndilo nililoliwaza jioni yote ya Alhamisi, na usiku wake, na Ijumaa asubuhi nilipopata ujasiri wa kumfikia mama.

Alikuwa amekaa mlangoni anasuka kiondo, kikapu cha katani. Nikayaweka mafungu miguuni pake, nikasema yote kwa pumzi moja, ya pazia, ya uji, ya Jumamosi na ya ufunguo.

"Ukuta unavalishwa nguo?" akauliza. "Una aibu gani?"

"Ni ya kupamba, mwaitu." Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama.

"Unga wa ngano uliwe na ukuta, na mimi nina watoto."

"Baba amesema..."

"Baba yako husema akienda."

Kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza. Lakini miguu haikutulia, nikawa nasogeza fungu moja kwa kidole gumba mpaka likafunguka lenyewe, likateleza uani hadi kwa kuku. Kuku wakaruka. Mama akaacha kusuka.

Akainuka, akaja, akachuchumaa. Hakutazama kama nilivyotazama mimi. Aliweka kidole kwenye nusu-duara ya kwanza, akapeleka kwenye ya pili, midomo inatikisika. Anafanya hivyo akiona kiondo cha mwanamke mwingine sokoni. Anafuata uzi ulikopita.

"Nani alisuka hii?"

"Ni mashine, mwaitu."

"Mashine ina mkono." Akaenda hadi mwisho wa karatasi akarudi. "Rangi haijakosea hata mahali pamoja. Aiya! Hebu lete ile sufuria kubwa."

Nilikimbia. Nilikoroga uji wa ngano, moshi ukinitoa machozi, nikiogopa kugeuka nisije nikakuta amebadilisha nia. Nilipoingia sebuleni kwenye ile nyumba mpya na sufuria yangu, alikuwa amekwisha kufagia, amefunga leso kiunoni, na amelaza karatasi sakafuni, ubavu wake umeegemea chini ya ukuta. Imelala. Imenyooka kutoka mlangoni hadi kona, kama nyoka.

"Mwaitu, si hivyo. Inatoka juu inakuja chini."

"Ulishaona kiondo kikaanzia mdomoni?"

"Si kiondo, ni..."

"Kiondo kinaanza chini. Kinazunguka, kinapanda. Ukianza juu, utashika nini?" Akanitazama. "Baba yako amesuka viondo vingapi?"

Hapo ndipo nilipata shida. Nilijua baba ameelezwa na watu waliobandika. Nilijua pia kwamba zile nusu-duara zikilazwa hazitakuwa milango tena, zitaanguka ubavu. Lakini nilimjua mama. Ningesema mara ya pili, angeweka uji chini taratibu, angenawa mikono, na angerudi kwenye kiondo chake cha kweli, bila hasira hata kidogo. Na nikikubali, baba naye angekuja kesho acheke mbele ya mzee wa ng'ombe. Huku hasara, kule hasara. Nilisimama na sufuria hadi mkono ukaanza kuungua.

"Shika hapo mwisho," mama akasema.

Nikashika.

Hakutumia brashi. Alichota uji kwa mkono akaupaka kama anavyokandika udongo, kiganja kimefunguka, anavuta nusu mwezi kwenda kulia, nusu mwezi kwenda kushoto. Mimi nikawa natembea kinyumenyume nimechuchumaa, navuta karatasi, yeye anakuja nyuma yangu akibonyeza.

"Vuta. Usilegeze. Ukilegeza kitatoa tumbo."

"Ukuta utatoa tumbo?"

"Chochote kinachozungushwa kinaweza kutoa tumbo. Vuta."

Tulipofika kona ya kwanza akasimama. Aliitazama ile kona muda mrefu kama mtu aliyekutana na mtu asiyemjua njiani. Kiondo hakina kona. Akajaribu kuikunja, ikapasuka kidogo. Akailowesha, akaibembeleza kwa ncha za vidole, ikaingia. Kona ya pili alishaizoea. Ya tatu aliitukana. Ya nne tulicheka wote wawili, kwa sababu mwanzo na mwisho vilipofika mlangoni havikukutana, kimoja kilikuwa juu ya kingine kwa upana wa vidole viwili.

"Ndivyo inavyotakiwa," akasema. "Ndiyo sasa itapanda."

Na kweli ikapanda. Mzunguko wa pili ulianzia juu ya wa kwanza, wa tatu juu ya wa pili. Zile nusu-duara zilikuwa zimelala ubavu zote, migongo imeelekea upande mmoja, na ukizitazama kwa muda zilikuwa zinakimbia. Zinatoka mlangoni, zinapita chini ya dirisha, zinapinda kona, zinarudi mlangoni na hazisimami. Nilijaribu kutazama sehemu moja tu, nikashindwa, macho yalikuwa yanakokotwa. Nikawaza: chumba hiki kina wasiwasi kama mimi.

Tulilala Ijumaa hiyo tukiwa tumefika usawa wa dirisha. Tulilala nyumba ya udongo, bila shaka. Jumamosi tuliamka tukaendelea. Mbuzi akaingia wakati tumemgeuzia mgongo, akala kipande kizuri chenye uji, na ndugu yangu mdogo akapiga kelele, "Mwaitu, mbuzi ataharisha milango!" Mama akamrushia kandambili, yule mtoto, si mbuzi.

Nikaona jambo moja nikaogopa kulisema. Mama alikuwa anaongea. Kwenye nyumba ile ambayo alikuwa haingii, alikuwa anapanda kwenye stuli, anashuka, anaongea peke yake, anagomba na dirisha. Saa ya kupumzika hakutoka nje kivulini. Alikaa sakafuni, miguu ameinyoosha kwenye simiti, akala muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, kwa mkono usio na uji. Nilimpa maji nikaondoka haraka, kama mtu aliyeona ndege ametua karibu.

Karatasi ikatuishia kabla ya kufika juu. Ule mzunguko wa mwisho haukuwapo. Ikabaki simiti tupu kuzunguka chumba chote chini ya dari.

"Imeisha," nikasema.

"Basi imefika mdomo," mama akasema, akaenda kunawa.

Baada ya hapo sikuweza kukaa. Niliosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Nilienda barabarani, nikarudi. Kila lori lililotoka upande wa Nairobi lilikuwa la baba mpaka likapita. Nilifikiri nikaubandue ukuta mmoja tu, ule wa mbele ya mlango, niusimamishe vizuri, baba akiingia aone huo kwanza. Nikaingia, nikashika ukingo kwa ukucha. Chini ya karatasi kulikuwa na alama ya kiganja cha mama, uji umeganda, imeonekana kama imechorwa. Nikaondoa ukucha.

Honi ililia wakati vivuli vimeanza kurefuka. Na safari hii injini ilizimwa. Baba alikuja na mzee wa ng'ombe nyuma yake, fimbo mkononi, kofia nyeupe kichwani. Wakanisalimia. Mimi nikasalimia ardhi.

"Mmehamia?" baba akauliza.

"Tumebandika," nikasema.

Akaingia. Akasimama katikati ya sebule. Nilimwona akizunguka polepole, mara moja, halafu mara ya pili, kama mtu aliyefungwa kitambaa usoni akaachiliwa. Halafu akacheka. Kicheko chake ni cha barabarani, kinasikika hadi ng'ambo.

"Mmeilaza! Mzee, njoo uone. Wameilaza kama mgonjwa! Mimi nimesema pazia, wao wamefunga bandeji!"

Mama alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma, mikono bado ina maji. Alisikia. Alichukua ile sufuria ya uji, akaiweka kichwani, akaanza kutoka, na mimi nikajua akitoka hivyo hatarudi. Kuku watataga, wataatamia, vifaranga watakua, na hatarudi.

"Hii itoke yote," baba alikuwa anasema, akipapasa ukingo. "Ikilowa maji itatoka. Kesho nitawaonyesha..."

"Baba, ukibandua, mwaitu hataingia humu tena."

Sauti ilikuwa yangu. Niliisikia kama mtu mwingine ameisema nyuma yangu, tena kwa nguvu, mbele ya mgeni. Masikio yakawaka moto. Mama akasimama mlangoni, sufuria kichwani, hakugeuka.

Baba akanitazama kama anayesoma kibao cha njia asichokitarajia. "Nani ameongea?"

Mzee wa ng'ombe alikuwa ameenda hadi ukutani, ameweka kiganja, anatembea nacho taratibu kufuata zile nusu-duara zinavyokimbia. Akapinda kona. Akafika dirishani.

"Kwetu," akasema, "mama akisimamisha nyumba huifunga kwa mikeka hivi, kwa kuzunguka. Wallahi nimemkumbuka mama yangu." Akamgeukia baba. "Dereva, mimi nilikuomba nyumba tupu. Hii si tupu."

"Mzee, tulikuwa tumekubaliana."

"Tulikuwa. Uniingize mimi kwenye nyumba ya mwanamke, umtoe yeye? Hilo siwezi." Akacheka kidogo, akatoka nje kutazama ng'ombe wake, na nafikiri alitoka makusudi.

Tukabaki sisi. Baba akainamisha kichwa mpaka sikio likagusa bega, akautazama ukuta akiwa hivyo, ili ile milango yake isimame. Akanyoosha shingo. Akainamisha tena.

"Na pale juu?" akauliza. "Mbona simiti?"

"Mdomo," mama akasema, bado ametupa mgongo.

"Nyumba ina mdomo."

"Yako ina mdomo tangu isimame hapa Kambu. Watu wote wanauliza kwa nini haina watu."

Baba akapangusa uso kwa mkono wote. "Sasa unahama au huhami?"

Mama alishusha sufuria. "Kitanda hakina miguu ya kutembea," akasema. "Na mimi nimechoka na huu uji wenu."

Baba alivua shati. Walikibeba kile kitanda, mama mbele, baba nyuma, wakigombana nani anasukuma nani, ndugu zangu wakipiga makofi kama arusi. Mimi nilibeba mito. Nilikuwa nataka kulia na sikujua kwa nini, basi nikabeba mito mingi hadi uso ukafichika.

Mngefikiri sasa nilitulia. Sikutulia. Jioni tulipokuwa tunakunywa chai sebuleni, mara ya kwanza, macho ya wote yanazungushwa na ukuta, mama akaanza kupanga vitu. Jiko litabaki kule kwa udongo. Kuku kule. Wavulana chumba kile. Halafu akasema, akipuliza chai, "Na kile chumba kidogo cha machweo ni kikavu. Kitafaa mahindi. Ghala lina panya."

Baba akasema, "Mm."

Alisema "mm" tu. Nilitazama chai yangu. Siku hiyo nilikuwa nimeshatumia sauti yote niliyonayo, hakukuwa na nyingine. Nikanywa, nikalala na wavulana, nikasikia mmoja anasaga meno na mwingine anaota mbuzi.

Asubuhi ya Jumapili niliamka kabla ya mtu yeyote, kabla ya mama kwenda kuwasha moto. Nilienda nyumba ya udongo, nikatoa sanduku langu la shule, lile la bati, nikaliburuta uani. Lilikuwa linapiga kelele kwenye kokoto kama nguruwe anayechinjwa na sikujali. Nikalipitisha sebuleni, nikaliingiza kile chumba kidogo, nikaliweka katikati ya sakafu mahali gunia la kwanza lingewekwa. Nikafunga mlango. Halafu nikakaa juu ya sanduku, nimevaa tayari nguo za kanisani, mikono magotini, nikisikiliza nyayo za mama zikija.